Begonia ya kivulini isiyorudi: dalili, chanzo na la kufanya

Kila ifikapo wiki ya pili ya Mei, naanza kutumiwa picha za udongo mtupu. Chini ya picha ujumbe ni ule ule: "Dada, begonia yangu imekufa." Na mimi kila mwaka najibu vile vile: kaka, weka jembe chini, usichimbe. Begonia nyingi zinazotangazwa kufa mwezi wa Mei ziko hai. Zinakuja kuuawa na mwenye bustani anayezitafuta kwa chuma.

Naishi Maryland, Marekani, kwenye udongo mwekundu wa mfinyanzi. Upande wa kaskazini wa nyumba yangu jua hufika kwa muda wa saa mbili tu asubuhi, na hapo ndipo begonia zangu zinapokaa mwaka mzima, theluji ikianguka juu yao. Aliyekulia Lushoto au Limuru atashangaa, maana kule begonia haina habari ya kulala, inachanua tu. Huku ni lazima ilale, na karibu matatizo yote nitakayoeleza yanatokana na usingizi huo: jinsi inavyolala, mahali inapolala na jinsi inavyoamka.

Kwanza, una begonia ipi?

Swali hili linakata nusu ya malalamiko. Jamii ya begonia ina spishi zaidi ya 2,000, na karibu zote zimetoka nchi za joto. Zile ndogo zenye majani yanayong'aa kama yamepakwa nta, zinazouzwa kwa trei mwezi wa Mei, hufa jalidi ya kwanza ikianguka. Zile zenye maua makubwa kama waridi hutoka kwenye kiazi, lakini kiazi chenyewe hakivumilii ardhi iliyoganda. Lazima king'olewe mwezi wa Oktoba na kutunzwa ndani pakavu. Ukiiacha begonia hiyo nje kipupwe kizima, huna kosa la kutafuta. Huo si mmea wa kulala nje.

Inayoweza kulala nje ni Begonia grandis. Jani lake lina umbo la moyo uliopinda, upande mmoja mpana kuliko mwingine. Juu ni kijani. Chini mishipa yake ni myekundu, na kwenye aina nyingine upande wote wa chini ni mwekundu kama divai. Maua ni ya waridi, au meupe kwa aina ya 'Alba', na yananing'inia kwenye vikonyo vyekundu kuanzia Agosti hadi jalidi. Urefu wa mmea ni sentimita 45 hadi 75. Alama ya uhakika hutokea mwishoni mwa kiangazi. Chungulia pale jani linapokutana na shina, yaani kwapani mwa jani. Ukiona vijiazi vidogo vya rangi ya kahawia yenye wekundu, vingine kama punje ya choroko na vingine vinakaribia punje ya mahindi, unayo yenyewe.

Kwa asili ni mmea wa China. Huota kwenye mabonde yenye kivuli, juu ya miamba yenye unyevu. Wajapani wameilima kwa karne kadhaa na huiita shukaido, na Uingereza ilifika mwaka 1804. Kumbuka hiyo miamba yenye unyevu: maji yanapita daima, lakini hayatuami. Tutairudia.

Kwenye ramani ya baridi ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, huhesabiwa kuwa ya zoni ya 6 au 7 hadi ya 9. Zoni ya 7 ni mahali ambapo usiku wa baridi kali zaidi wa mwaka hushuka kwa wastani hadi kati ya nyuzi -18 na -12 za Selsiasi. Kwa aliyeko London hiyo si baridi ya kumtisha. Aliyeko Minnesota aipande kwenye chungu na kukiingiza gereji.

Mei imefika, udongo mtupu

Nianze na chanzo kinachoongoza: bado imelala. Mwishoni mwa Aprili hosta, mimea mingine ya kivulini, zimeshafunua majani, jirani ameshakata nyasi mara mbili, na begonia haijatoa hata ncha. Kwangu hutokeza katikati ya Mei, na mwaka ambao baridi imechelewa kuondoka hufika mwanzoni mwa Juni. Inasubiri udongo upate joto, na kivulini udongo huchelewa kupata joto. Mwaka wangu wa pili sikujua hili. Tarehe 9 Mei nilipiga magoti na mwiko wa bustani, nikachokoa pale nilipodhani imeoza, nikasikia kitu kikivunjika kama karoti changa. Nilipokiokota kilikuwa chipukizi chekundu, kimekunjika kama kidole cha mtoto, kikiwa kimebakiza sentimita mbili tu kufika juu. Nilikaa pale chini muda mrefu. Mmea ule ulichipua tena mwezi wa Julai, mdogo, na mwaka huo haukuchanua.

Basi weka kijiti mwezi wa Oktoba kabla shina halijapotea, kikuonyeshe mahali. Usiguse kabla ya tarehe 10 Juni. Ukishindwa kuvumilia udongo mtupu, panda maua ya nasisi hapo hapo. Zenyewe hutoka Machi na majani yake hukauka wakati begonia inaamka, kwa hiyo zinapeana zamu bila kugombana.

Juni 10 ikipita bila kitu, sasa fukua kwa vidole, si kwa chuma. Kiazi hakiko mbali, sentimita chache tu chini. Kibonye. Kikiwa kigumu kama kiazi mviringo, kirudishe na uendelee kusubiri. Kikibonyea, kikitoa maji na harufu mbaya, kimeoza.

Kuoza huku watu husema ni baridi. Mimi baada ya miaka mingi nasema ni maji. Kiazi kilicholala hakinywi. Udongo wa mfinyanzi ukijaa maji Januari, ukaganda, ukayeyuka, ukajaa tena, kiazi kinakaa ndani ya bakuli. Pima hivi: chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, liache linywee, kisha lijaze mara ya pili asubuhi. Jioni ukikuta maji bado yamo, usipande begonia hapo mpaka urekebishe. Rekebisha kwa kuinua tuta sentimita 15 juu ya ardhi, kwa mboji, majani yaliyooza na maganda ya msonobari yaliyosagwa. Usichanganye mchanga kidogo na mfinyanzi ukidhani umepunguza maji. Nilifanya hivyo na nilipata tofali. Kama una mteremko, hata mdogo, utumie. Mteremko una faida nyingine ambayo sikuitegemea: mmea ukiwa juu ya usawa wa macho na jua la asubuhi likiwa nyuma yake, wekundu wa chini ya jani unawaka kama taa ya chemli. Mimi huacha kazi nikaangalia.

Kuna wale ambao kiazi chao hakikuoza ila kimetoweka au kimekutwa juu ya ardhi, kimesinyaa. Ardhi ikiganda na kuyeyuka mara kwa mara huvisukuma juu vitu vilivyopandwa karibuni. Hapa kosa ni kupanda Oktoba. Mmea wa mapunguzo ya bei mwisho wa msimu unavutia, lakini mizizi yake haipati muda wa kushika. Panda Mei au Juni, ili iwe na kiangazi kizima cha kujijenga. Majira ya majani kupukutika yakifika, usiwe na haraka ya kukata mashina. Jalidi ikishayapiga hulegea na kuwa kama mlenda, yaache. Baada ya wiki chache hukauka na kuachana na kiazi yenyewe, safi kabisa, bila kidonda cha kuingizia uozo. Halafu funika kwa matandazo ya sentimita 5 hadi 8. Saga majani kwanza kwa mashine ya kukatia nyasi, kwa sababu majani mapana ya mti wa mepo yakiwekwa mazima hugandamana kama makuti yaliyolowa na kuziba hewa. Aprili yapunguze, ubakize safu nyembamba ili joto lifike chini.

Na kindi? Kindi wanachimbua kila kitu Novemba, si kwa kukipenda kiazi bali kwa kufukia njugu zao. Kipande cha wavu wa kuku juu ya matandazo kinatosha. Kiondoe Aprili.

Majani yameungua kingo

Kingo za kahawia, kavu, zinavunjika kama karatasi, hasa majani ya juu: hilo ni jua. Jua la asubuhi halina neno. La kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi mwezi wa Julai linaunguza. Watu huniambia, "Mbona mwaka jana halikuwa hivyo?" Tazama juu. Huenda jirani amekata tawi, au mti umekufa. Kivuli cha bustani huhama na watu hatuoni.

Lakini kama kingo zimekauka na kivuli kipo kizito, tatizo liko chini: mizizi ya mti. Mepo ina mizizi myembamba inayokaa juu juu na kunywa kila tone kabla halijafika kwa mwingine. Chomeka kidole. Kama sentimita tano chini ni pakavu siku mbili baada ya mvua, mti unakunyang'anya. Kumwagilia kila siku kidogo kidogo kunaufaidisha mti tu. Mwagilia mara moja au mbili kwa wiki, taratibu na kwa wingi, jumla ya kama sentimita 2.5 za maji ukihesabu na mvua, au sogeza begonia mita kadhaa kutoka kwenye shina. Usirundike udongo mpya juu ya mizizi ya mti ili upate pa kupandia. Utaudhuru mti, na mizizi itaingia humo mwaka unaofuata.

Shina limekuwa refu, limelala chini

Kivuli kimezidi. "Mmea wa kivulini" haina maana ya giza. Hiki ni kivuli cha chini ya mwaloni, ambako vidoa vya jua vinatembea ardhini mchana kutwa, si kivuli cha uchochoro kati ya kuta mbili. Pogoa matawi ya chini ya mti, mwanga uingie kutoka pembeni.

Kama mwanga upo na bado zinalala, angalia mbolea. Naitrojeni nyingi huzaa shina lililojaa maji, na mvua moja ya radi inalilaza. Mboji ya kiganja kimoja au viwili kuzunguka kila mmea mwezi wa Juni inatosha mwaka mzima. Unaweza pia kukata ncha mmea ukifika sentimita 20. Utatoa matawi mawili badala ya moja na utakuwa mfupi, ingawa maua yatachelewa kidogo. Ncha uliyokata ichomeke kwenye udongo wenye unyevu, itatoa mizizi.

Majani ni mazuri, maua hakuna

Umri kwanza. Mmea uliotoka kwenye kijiazi cha kwapani kwa kawaida hauchanui vizuri mwaka wa kwanza. Unajenga kiazi chake. Mwaka wa pili ndipo unalipa.

Pili, kalenda. Begonia hii huanza kuchanua kiangazi kikielekea ukingoni. Kama kwako jalidi huja katikati ya Septemba, na begonia imetokeza Juni, muda wa kuchanua ni mfupi mno. Ipande karibu na ukuta wa tofali au jiwe. Ukuta hutunza joto, udongo huamka mapema, na unaweza kupata wiki kadhaa za ziada.

Wengine wananiambia maua yapo lakini yanadondoka mapema, wakidhani ni ugonjwa. Siyo. Kila mmea una maua ya kiume na ya kike. Ya kiume ni yale yenye vitovu vya njano, na kazi yake ikiisha huanguka. Ya kike yana mfuko wenye mabawa matatu nyuma yake, na hubaki yananing'inia hadi jalidi. Mifuko hiyo ya waridi inaendelea kupendeza hata petali zikishakwisha.

Njano, madoa na unga mweupe

Njano ya Oktoba mmea mzima ni usingizi unaingia. Achana nayo. Njano ya Julai kuanzia majani ya chini, na udongo umelowa, ni maji mengi. Acha kumwagilia na angalia shina mahali linapogusana na ardhi. Likiwa jeusi na laini, uozo umeshapanda. Kata kipande cha juu kilicho kizima, kioteshe mizizi mahali pengine, na usirudishe begonia pale msimu huo.

Unga mweupe juu ya majani mwezi wa Agosti ni ubwiri unga, ugonjwa wa aina ile ile unaoonekana kwenye maboga. Hupenda mchana wa joto na usiku wa ubaridi, na mimea iliyobanana. Ondoa majani yaliyoshikwa, acha nafasi ya sentimita 30 hadi 45 kati ya mmea na mmea, mwagilia asubuhi chini ya majani. Dawa ya salfa inasaidia ikipigwa mapema, ila si siku ya joto linalokaribia nyuzi 30, maana huunguza jani kuliko ugonjwa wenyewe.

La kuogopa hasa ni madoa ya bakteria. Inua jani uliangalie dhidi ya mwanga: utaona vidoa vinavyopenyeza nuru, kana kwamba tone la mafuta limeingia kwenye karatasi ya maandazi. Baadaye huwa vya kahawia na kuzungukwa na njano. Huu hauna tiba. Huruka kwa matone ya maji kutoka jani hadi jani, na hupita kwa mkasi wako pia. Ng'oa mmea, utie kwenye mfuko wa taka, si kwenye mboji, futa mkasi kwa spiriti, na usikusanye vijiazi vyake hata kama ndio mmea pekee uliokuwa nao. Najua inauma. Nilibakiza mmoja kwa huruma, na Agosti iliyofuata nikang'oa kumi na moja.

Matundu, na kunyauka kwa ghafla

Matundu ya katikati ya jani na njia inayong'aa kama gundi iliyokauka ni konokono, hasa wale wasio na gamba. Hatari yao kubwa ni Mei, wanapokula chipukizi lote usiku mmoja, na wewe ukadhani begonia haikuamka. Toka na tochi saa nne usiku uwaokote. Punje za fosfeti ya chuma zinafanya kazi pia.

Matundu yaliyokatwa pembeni mwa jani kama tiketi ya basi ni ishara nyingine kabisa. Huyo ni fukusi mweusi anayetembea usiku, na tatizo si yeye bali watoto wake: mabuu meupe yenye kichwa cha kahawia, yasiyo na miguu, yaliyojikunja kama herufi C, yanayokula kiazi chini kwa chini. Dalili ni mmea kunyauka ghafla wakati udongo una unyevu. Hasa kwenye vyungu. Mwaga udongo wote kwenye gazeti uyatafute, kila moja. Kwa mimea iliyoko ardhini kuna nematodi, minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, inayouzwa kwa kazi hii. Humwagiwa kwenye udongo wenye unyevu mwezi wa Agosti au Septemba, kabla haujapoa.

Kulungu, kwa kawaida, hupita na kuacha. Mbwa asipewe nafasi ya kutafuna kiazi. Kina oksaleti zinazowasha kinywa na koo.

Zimekuwa nyingi kupita kiasi

Ukirekebisha maji na mwanga, malalamiko yanayofuata ni haya. Vijiazi vya kwapani huanguka Oktoba, hulala juu ya udongo chini ya majani, hupata baridi vinayoihitaji ili viamke, na Juni kila kimoja ni mmea. Huvisambaza mvua pia, kuelekea chini ya mteremko. Miche hii hung'oka kwa vidole viwili bila kazi, ila iwahi kabla haijaingia katikati ya kangaga na hosta ndogo na kuzifunika.

Kama unataka kumpa mtu, usimpe mmea mkubwa. Mwishoni mwa Septemba kinga kiganja chini ya shina na ulitikise. Vilivyokomaa vitaanguka vyenyewe, vinavyokatalia viache. Vitie kwenye kifuko chenye mboji yenye unyevu kidogo tu, uandike jina na tarehe, uweke kwenye friji mbali na matunda. Kipupwe kikiisha, mwezi wa Aprili, vitandaze juu ya udongo wa chungu ndani ya nyumba, uvikandamize kwa kidole bila kuvizika. Mwaka huu nina vifuko vinne. Kimoja ni cha mzee mmoja wa Bukavu anayeishi mtaa wa pili, aliyechimba yake tarehe 3 Mei kabla sijafika.